Kununua Motokaa ya Nyumbani: Bei, Petroli na Siku ya Kuuza

  Leo tuweke kando kidogo kuandika barua, tuzungumze juu ya motokaa. Sisemi malori wala mabasi. Nasema ile motokaa ndogo ya nyumbani, yenye milango minne, viti vya watu watano, na buti nyuma ya kuwekea mizigo.

Huenda wewe huna motokaa, wala huna nia ya kununua mwaka huu. Lakini mwanao aliyepata kazi atanunua, au shemeji yako aliyepokea mafao yake atakuja kukuuliza shauri, na siku hiyo itakufaa kuzijua hesabu zake. Ukiondoa nyumba na shamba, ni vitu vichache ambavyo jamaa hununua kwa fedha nyingi kama motokaa. Tena shamba huweza kupanda bei. Motokaa, siku zote karibu, hushuka.

Weka kalamu na daftari karibu nawe. Kila nitakapotaja hesabu, iandike.

Mtu akitaka kununua motokaa huenda kwanza kuwauliza wale walio nazo. Ni desturi njema. Lakini sikiliza vizuri majibu yao. Wa kwanza husema, "Hii motokaa ni chuma, haijui kuharibika." Wa pili husema, "Hii hainywi mafuta, inanusa tu." Wa tatu husema, "Hii ukiitangaza asubuhi, jioni imekwisha kununuliwa." Maneno matamu! Lakini kila mtu husifu kilicho chake, na aliyetoa shilingi 14,000,000 hapendi kumwambia jirani kwamba alipata hasara.

Basi usimwulize mtu kama motokaa yake ni nzuri. Mwulize maswali yanayojibiwa kwa tarakimu. Umekuwa nayo miaka mingapi? Umekwenda nayo kilomita ngapi? Lita moja ya petroli inakupeleka kilomita ngapi? Mwaka jana ulimlipa fundi shilingi ngapi, na kwa kazi gani? Imelala gereji siku ngapi? Mwenye daftari atakujibu. Asiye na daftari atakusimulia hadithi.

Zamani watu wa Afrika Mashariki walikuwa na njia yao ya kupima uimara wa motokaa. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na tope. Motokaa ya Peugeot 404, ambayo ilikuwa motokaa ya nyumbani hasa, ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Watu walisimama kando ya barabara wakaiona ikipita na matope mpaka darini, wakaiamini. Hawakukosea sana. Lakini kumbuka kwamba motokaa ya mashindano hufuatwa na mafundi na vipuri tele. Ya kwako itafuatwa na fundi mmoja chini ya mwembe.

Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Uimara wa motokaa si kutokuharibika kabisa. Kila motokaa huharibika. Uimara ni kwamba ikiharibika leo, fundi wa hapo ulipo anaijua, kipuri kinapatikana mjini, na kesho unaendelea na safari. Motokaa bora ya Ulaya ambayo kipuri chake huagizwa na kungojwa wiki sita, kwako wewe si imara, hata kama huko kwao husifiwa.

Kwa sababu hiyo motokaa nyingi utakazoziona Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zimetoka Japani, tena zimekwisha kutumika huko. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Tena sheria yao hutaka motokaa mpya ikaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri kuuza. Ndipo motokaa ambayo bado ina nguvu hupakiwa melini na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1966, na ilipofika mwaka 2021 zilikuwa zimeuzwa duniani zaidi ya 50,000,000. Hesabu hiyo ina maana gani kwa mtu wa Singida? Maana yake ni kwamba fundi wa Singida amekwisha kuifungua motokaa ya namna hiyo mara nyingi, na kwamba pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, vipuri vyake vimepangwa madukani, vipya na vilivyotumika. Kitu kilicho kingi hutunzika kwa urahisi. Sisemi kwamba kila Corolla ni nzuri. Iliyotunzwa vibaya ni mbaya, na jina halitaiponya.

Sasa tuje kwenye kazi yetu ya kusoma, kwa maana motokaa imejaa maandishi, na mtu anayejua kusoma hadanganyiki upesi.

Soma kwanza kadi ya motokaa. Utaona namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka ilipotengenezwa, ukubwa wa injini na jina la mwenyewe. Chukua kadi mkononi, nenda kwenye motokaa, ulinganishe namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu. Usiseme, "Zinafanana." Kama tarakimu moja imehitilafiana, funga mkoba wako urudi nyumbani.

Soma kibao cha namba, lakini kisome kwa akili. Tanzania watu husema, "Hii ni namba D," "Hii ni namba E," na bei hupanda kwa herufi hiyo. Kenya nako huangalia herufi tatu za mwanzo. Herufi hizo hukuambia wakati motokaa iliposajiliwa nchini. Hazikuambii mwaka ilipotengenezwa. Motokaa mbili zaweza kufuatana kwa namba, na moja ikawa imemzidi mwenzake umri kwa miaka mitano. Uvute mkanda wa kiti mpaka chini, utafute kitambaa kidogo kilichoshonwa. Mara nyingi tarehe ya kutengenezwa imeandikwa hapo. 

Fungua boneti, usome kifuniko cha injini. Katika motokaa za Toyota ukiona VVT-i peke yake, injini hiyo mafundi wengi wanaijua. Ukiona D-4, ujue ni injini inayopeleka petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye nguvu nyingi. Si injini mbovu. Lakini hutaka petroli safi na fundi aliyejifunza kazi hiyo, na hapa kwetu wanunuzi wengi huiogopa. Woga huo hushusha bei yake siku ya kuuza, uwe wa haki au usiwe wa haki.

Uliza pia habari za giaboksi. Motokaa nyingi za miaka ya karibuni zina giaboksi iitwayo CVT. Ndani yake hazibadilishwi gia za meno. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka juu ya puli mbili ambazo hubana na kuachia. Husaidia kupunguza petroli, lakini ina oili yake ya pekee. Fundi asiyeijua huitia oili ya giaboksi za zamani, kwa kuwa ni rahisi na ni nyekundu kama alivyozoea, na baada ya muda motokaa huanza kutetemeka, kisha hukataa kupanda mlima. Giaboksi ya namna hiyo ikiharibika, mara nyingi haitengenezwi, hununuliwa nyingine. Basi mwulize mwenye motokaa, "Ulibadilisha oili ya giaboksi lini? Uliandika wapi?"

Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990 kuna mkanda wa mpira unaozungushwa na injini kwa ndani, nao hutakiwa kubadilishwa kwa kilomita, kama kila kilomita 100,000. Nyingi za miaka ya 2000, zenye injini ya 1,500, zina mnyororo wa chuma mahali pa mkanda huo. Ni tofauti ndogo kwa macho, kubwa kwa mfuko.

Saa ya kilomita iamini nusu. Yaweza kurudishwa nyuma. Ikisema 60,000, nawe unaona mpira wa pedeli ya breki umelika mpaka chuma na usukani umelainika kama sabuni, yaamini macho yako.

Haya, sasa petroli. Hapa naomba uandike.

Wazee walihesabu kwa maili na galani; waliposema maili 30 kwa galani, ni kama kilomita 10 na nusu kwa lita. Sisi tutahesabu kwa kilomita na lita. Usihesabu kwa pesa, kwa sababu bei ya petroli hubadilika. Tanzania na Kenya bei za juu kabisa hutangazwa na serikali kila mwezi, na shilingi 20,000 ya mwezi huu huenda isilete lita zile zile mwezi ujao.

Fanya hivi. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe. Andika saa ya kilomita: 84,310. Endesha kama desturi yako, kazini, sokoni, kanisani au msikitini. Siku nyingine rudi kwenye kituo kile kile, ujaze tena mpaka pampu ikatike. Saa inasema 84,730, na pampu inasema lita 35. Toa:

84,730 – 84,310 = 420.

Gawanya:

420 ÷ 35 = 12.

Motokaa yako inakwenda kilomita 12 kwa lita moja. Rudia mara tatu kabla ya kuamini, kwa sababu safari ya Dodoma katika barabara tupu haifanani na foleni ya mjini.

Bibi mmoja wa Morogoro, mwuza vitenge, alinionyesha daftari lake. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 48, lenye doa la chai. Kila alipojaza tangi aliandika. Kwa miezi mingi hesabu yake ilikuwa 13, au 12 na nusu, au 13. Halafu ghafula ikawa 10, na mara ya pili 10 tena. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaona ameandika: "Fundi ametengeneza maji ya rejeta." Akaenda kwa fundi mwingine, akamwonyesha tarehe. Wakagundua kwamba fundi wa kwanza alikuwa ameiondoa themosta, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Mafundi wengi huiondoa wakidhani wanaikinga injini isichemke. Kwa kweli injini hubaki baridi, nayo injini baridi hula petroli.

Bibi huyu alikuwa akiendesha kilomita 1,200 kwa mwezi. Kwa 13 alihitaji lita 92 na kidogo. Kwa 10 alihitaji lita 120. Zile karibu lita 28 za kila mwezi zilikuwa zikitoka mkobani mwake, na motokaa haikuwa imelalamika hata kidogo. Haikuzima, haikupiga kelele. Daftari ndilo lililolalamika.

Sasa hesabu kubwa. Watu husema motokaa fulani ni rahisi, wakitazama bei ya kununua tu. Lakini gharama yako ya kweli ni kile ulicholipa, ukitoa kile utakachopata siku ya kuuza, ukaongeza petroli na fundi katikati. Tuchukue mfano wa motokaa mbili, na bei nimezichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi. Petroli tuseme ni shilingi 3,000 kwa lita.

Motokaa ya kwanza ni ya injini ndogo, inayopendwa na watu wengi. Umeinunua shilingi 16,000,000. Baada ya miaka 4 umeiuza shilingi 11,000,000. Umepoteza shilingi 5,000,000.

Motokaa ya pili ni kubwa, ina viti vya ngozi na injini ya silinda sita, na majirani wataisifu. Kwa sababu wanunuzi wake ni wachache, umeipata kwa shilingi 11,000,000 tu. Unafurahi. Baada ya miaka 4 umezunguka nayo miezi saba ukitafuta mtu, mwisho umeiuza shilingi 4,000,000. Umepoteza shilingi 7,000,000. Sababu ile ile iliyoishusha bei uliponunua imeishusha tena ulipouza.

Petroli: tuseme unaendesha kilomita 18,000 kwa mwaka. Ya kwanza inakwenda kilomita 12 kwa lita, basi itataka lita 1,500. Ya pili inakwenda kilomita 9, basi itataka lita 2,000. Kwa shilingi 3,000, ya kwanza ni shilingi 4,500,000 kwa mwaka, na ya pili shilingi 6,000,000. Kwa miaka minne ni shilingi 18,000,000 na shilingi 24,000,000.

Jumlisha. Ya kwanza: 5,000,000 na 18,000,000 ni 23,000,000. Ya pili: 7,000,000 na 24,000,000 ni 31,000,000. Motokaa iliyokuwa rahisi kwa shilingi 5,000,000 imekuwa ghali kwa shilingi 8,000,000, na fundi bado hatujamhesabu. Hizo milioni nane ni mabati, ni ada ya shule, ni ng'ombe kadhaa.

Lakini usichukue hesabu yangu kama sheria ya kila mtu. Mtu anayeendesha kilomita 300 tu kwa mwezi atatumia lita 300 kwa mwaka katika ile ya kwanza, na 400 katika ile ya pili. Tofauti ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Kwake yeye petroli si shauri kubwa, na zile shilingi 5,000,000 zilizobaki mkononi siku ya kununua zaweza kufungua duka. Ndiyo maana nasema fanya hesabu kwa kilomita zako mwenyewe, si kwa kilomita za jirani.

Juu ya siku ya kuuza nina maneno machache. Rangi nyeupe na ya fedha huuzika upesi kuliko rangi za ajabu. Rangi ya kiwandani ni bora kuliko iliyopigwa upya, kwa sababu mnunuzi hujiuliza rangi mpya inaficha nini. Ziangalie pia sheria za nchi. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika yenye umri uliozidi miaka 8, Uganda tangu mwaka 2018 imekataza zilizofikisha miaka 15, na Tanzania hutoza kodi zaidi kwa motokaa kuukuu. Nanyi mlio karibu na mpaka wa Rwanda, msitegemee kuuza huko motokaa yenye usukani wa kulia. Wenzetu huendesha upande wa kulia, na usukani wao uko kushoto.

Yule bibi wa Morogoro alipouza motokaa yake, mnunuzi aliona mkwaruzo mrefu mlangoni akataka apunguziwe. Bibi hakubishana. Alimpa daftari, akaenda kuchemsha chai. Mnunuzi alisoma tarehe za oili, kilomita, tairi, breki, na ile habari ya themosta pia, maana bibi hakuificha. Alipokwisha kusoma alipunguziwa kidogo kwa ajili ya mlango, akalipa, kisha akaomba apewe na daftari.

Kazi ya nyumbani ni hizi hesabu mbili. Ziandike katika daftari lako, na kiongozi wa darasa aziandike ubaoni.

Ya kwanza. Bwana mmoja alijaza tangi saa ya kilomita ikisema 112,345. Alipojaza tena ilisema 112,705, na pampu ilisema lita 40. Motokaa yake inakwenda kilomita ngapi kwa lita? Mwezi uliopita ilikwenda kilomita 12. Andika maswali mawili ambayo angemwuliza fundi wake.

Ya pili. Motokaa ilinunuliwa shilingi 13,500,000, ikauzwa baada ya miaka 3 kwa shilingi 9,900,000. Kila mwaka ilipoteza shilingi ngapi?

Majibu tutayasoma pamoja katika somo lijalo. Kwaherini.